Sura ya 4: Kupanga Njia ya Safari Ndefu ya Pikipiki

Swali linaloulizwa zaidi kuhusu safari ndefu ya pikipiki linahusu chombo chenyewe: pikipiki ya cc 125 au 150, ile ile inayobeba abiria kati ya Mbagala na Chamazi au kati ya Tegeta na Goba, inafika Mbeya? Inafika. Cheni, tairi, breki na oili vikiwa sawa, injini ndogo huvumilia mwendo wa siku nzima mradi isikamuliwe. Wanaokwama njiani hukwama zaidi kwa sababu nyingine. Giza limewakuta katikati ya hifadhi ya wanyama, mvua imekata barabara ambayo hawakuitafutia mbadala, au mstari wa bluu kwenye simu umewapeleka mahali ambapo pikipiki haziruhusiwi. Mambo hayo hupangwa nyumbani, kabla ya kuwasha.

Sura hii inaeleza namna ya kupanga njia kwa msafiri anayeanzia pembezoni mwa Dar es Salaam: Kinondoni na Temeke, pamoja na Ubungo na Kigamboni ambazo zamani zilikuwa sehemu za manispaa hizo mbili. Mfano unaotumika zaidi ni safari ya Mbeya, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila aina ya tatizo ambalo barabara za Tanzania zinaweza kumletea mwendesha pikipiki.

## Saa za mwanga kwanza, kilomita baadaye

Wengi huanza na umbali. Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita 830 hivi. Pikipiki inaweza kwenda kilomita 80 kwa saa. Basi ni saa 10 na kidogo, siku moja inatosha. Hesabu hiyo ni ya hatari, na kosa lake liko kwenye neno "inaweza".

Kinachohitajika ni mwendo wa wastani, yaani kilomita zote za siku zikigawanywa kwa saa zilizotumika kuendesha, zikiwemo zile za kutambaa. Barabara kuu ya Tanzania ina vijiji vingi, na kila kijiji kina kibao cha 50. Kuna matuta, kuna rasta, ile mistari ya vimatuta vidogo inayotingisha usukani, kuna malori yanayopanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kuna trafiki wenye tochi, kifaa cha kupima mwendo. Pikipiki inayoonyesha 80 sehemu za wazi huishia na wastani wa kilomita 50 kwa saa. Barabara ya vumbi ikiwa kavu, wastani hushuka hadi 25 au 30.

Kipimo cha pili ni mwanga. Tanzania iko karibu na Ikweta, kwa hiyo mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Msafiri anayetoka saa 1 asubuhi na kupanga kufika saa 10 jioni ana saa 9 barabarani, na nyuma yake kuna akiba ya saa mbili na zaidi kabla ya giza. Akiba hiyo ni ya pancha, ya mvua, ya ajali ya lori iliyofunga njia. Haitumiki kuongeza umbali. Kati ya saa 9 hizo, saa 2 hivi huenda kwenye chakula, mafuta na kunyoosha mgongo. Zinabaki saa 7 za kuendesha, na saa 7 kwa wastani wa 50 ni kilomita 350. Hapo ndipo ulipo ukomo wa siku kwenye lami nzuri.

Makadirio ya kuanzia ni haya:

- Lami ya barabara kuu, kiangazi: kilomita 300 hadi 350 kwa siku.
- Lami yenye milima mingi, au siku ya mvua: 200 hadi 250.
- Barabara ya vumbi iliyo kavu: 150 hadi 200.
- Udongo mweusi wa mfinyanzi uliolowa: pikipiki inaweza kutumia mchana mzima kwa kilomita 20, kwa hiyo hakuna kadirio la kutegemea.

Kuendesha usiku hakumo kwenye orodha, na kumeachwa kwa makusudi. Usiku mifugo hulala kwenye lami kwa sababu ina joto, malori yaliyoharibika huegeshwa bila taa na kuwekewa matawi ya miti tu kama alama, na tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yamerudishiwa ruhusa ya kusafiri saa 24. Taa ya pikipiki ndogo haitoshi kuona vyote hivyo kwa wakati.

Msafiri anayeelekea magharibi anapata faida ndogo ya jua. Kigoma iko karibu nyuzi 10 za longitudo magharibi ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua huzama huko dakika 40 hivi baadaye kwa saa ile ile ya ukutani. Asubuhi nako hukucha kwa kuchelewa kiasi hicho hicho.

## Kutoka jijini: malango matatu

Barabara kuu tatu zinatoka Dar es Salaam kwenda mikoani, na mahali msafiri anapokaa hubadilisha hesabu kuliko wengi wanavyodhani.

Lango la kwanza ni Barabara ya Morogoro, kupitia Ubungo, Kimara, Mbezi na Kibaha hadi Chalinze, umbali wa kilomita 105 hivi kutoka mjini. Hapo Chalinze njia hugawanyika: mkono wa kulia kwenda Segera, Tanga, Moshi na Arusha, na mbele kwenda Morogoro, ambako tena kuna chaguo la Dodoma au Iringa. Kipande cha Kimara hadi Kibaha kimepanuliwa kuwa njia nane, lakini ndiko yalipo malori yote ya bandarini na mabasi yanayotoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa Februari 2021.

Lango la pili ni Barabara ya Bagamoyo. Kwa mtu wa Kawe, Tegeta, Boko au Bunju anayekwenda kaskazini, hii ndiyo njia yake: Bagamoyo, kisha kilomita 64 za lami hadi Msata, na hapo anaingia barabara ya Segera bila kuigusa Kimara, Kibaha wala Chalinze. Umbali haupungui sana. Kinachopungua ni foleni na malori. Mtu huyo huyo akiwa na safari ya Morogoro hana haja ya kushuka hadi Ubungo. Akipita Wazo, Madale na Goba anatokea Mbezi Mwisho.

Lango la tatu ni Barabara ya Kilwa, na ni mali ya watu wa Temeke: Mbagala Rangi Tatu, Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003 na lenye urefu wa karibu kilomita moja. Kabla ya daraja hilo watu walivuka kwa kivuko, na mto ukifurika, kusini ilikuwa mbali kweli. Leo Mtwara ni kilomita 560 hivi, siku 2 za kuendesha kwa utulivu, na Nangurukuru au Kilwa Masoko ni mahali pazuri pa kulala.

Foleni ya asubuhi Dar es Salaam inaelekea katikati, Kariakoo na Posta. Anayeanzia Mbagala kwenda Kilwa, au Bunju kwenda Bagamoyo, anatoka kinyume na foleni hata siku ya kazi. Anayeanzia Mbagala kwenda Morogoro analazimika kulikata jiji upande hadi upande, na kwake yeye Jumapili asubuhi inaokoa saa nzima.

Kwa ufupi: lango huchaguliwa kwa kuangalia mahali safari inapoanzia, siku ya juma na upande wa foleni, kisha ndipo umbali.

## Mfano: Mbeya kwa siku 3

Kilomita 830 zikigawanywa kwa 350 zinatoa siku 2 na kitu. Mtu mwenye haraka atasema siku 2 zinatosha, lakini zinavuka ukomo wa siku. Siku 3 ni bora, na sababu yake kubwa zaidi ni mahali magumu yalipo. Njia hukatwa vipande kwa kuangalia sehemu ngumu zinaangukia saa ngapi za siku. Kila kipande cha siku moja kitaitwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kutoka Mbezi hadi mji wa Mikumi, kilomita 300 hivi. Vigwaza na Mikese kuna mizani ya malori. Pikipiki hazipimwi, lakini foleni ya malori husogea hadi barabarani na madereva hufungua milango bila kuangalia nyuma. Chalinze inafikiwa saa 3 asubuhi, Morogoro saa 5. Hapo msafiri anakula na kujaza tangi, kwa sababu kinachofuata ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara kuu inaikata hifadhi hiyo kwa kilomita 50. Ni barabara ya umma, hakuna kiingilio kwa anayepita, na pikipiki zinapita. Lakini tembo, nyati, twiga na swala wanavuka wapendapo, mwendo umewekewa ukomo, matuta ni mengi, na kugonga mnyama kuna faini inayotegemea ni mnyama gani.

Wanyama husogea zaidi alfajiri na jioni. Kwa hiyo hifadhi inatakiwa ivukwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, na ratiba ya siku nzima inapangwa kuanzia sharti hilo kurudi nyuma. Anayetoka Mbezi saa 1 anaingia hifadhini baada ya saa 7 mchana na kutoka kabla ya saa 9. Aliyechelewa Morogoro kiasi cha kutoweza kuivuka kabla ya saa 9 analala Morogoro. Ndani ya hifadhi hakuna kusimama kupiga picha wala kushuka kwenye pikipiki. Tembo akiwa barabarani, pikipiki husimama mbali ikiwa imegeuzwa tayari kurudi, na msafiri husubiri gari kubwa litangulie.

Hatua ya pili ni Mikumi hadi Mafinga, kilomita 270. Asubuhi barabara inashuka kwenye bonde la Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na vitunguu, mahali penye joto kali kuanzia saa 5. Kisha unakuja Mlima Kitonga. Ni kilomita chache tu za kona kali, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine, na ni sehemu inayohitaji akili kuliko nyingine yoyote ya safari hii. Malori yanayopanda hutambaa. Yanayoshuka huzishika breki hadi zikatoa harufu. Kishawishi cha mwendesha pikipiki ni kuovateki kwenye kona kwa kuwa chombo chake ni chembamba. Lori linaloshuka haliwezi kusimama kwa ajili yake. Kupanda Kitonga asubuhi, mwili ukiwa haujachoka na kabla jua halijachoma bonde, ndiyo sababu kubwa ya kulala Mikumi badala ya Morogoro.

Juu ya Kitonga hali ya hewa hubadilika. Iringa iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na Mafinga iko juu zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Pikipiki iliyopanda Kimara kwa gia ya nne itaomba ya tatu, na hiyo si dalili ya ugonjwa. Mji wa Iringa umekaa mlimani; barabara kuu inapita chini yake, Ipogolo, ambako kuna mafuta na chakula, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda mjini kama safari inaendelea.

Hatua ya tatu ni Mafinga hadi Mbeya, kilomita 250. Mwezi Juni na Julai asubuhi ya Mafinga ni ya baridi kali, na mtu wa Temeke aliyezoea fulana atatetemeka hadi vidole vikashindwa kubana breki. Ukungu hutanda kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill. Hapa kanuni ya kutoka saa 1 inavunjwa: msafiri anasubiri hadi saa 2 na nusu, anakunywa chai, anavaa koti na glavu. Kuna muda wa kutosha. Makambako ndiyo njia panda ya Njombe na Songea, kisha barabara hushuka kuelekea Igawa na Chimala, pembeni mwa bonde la Usangu, na kupanda tena hadi Uyole, mlango wa Mbeya.

Wingi wa malori kwenye barabara hii una historia. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kwa barabara iliyokuwa ya vumbi na tope. Bomba la TAZAMA lilifuata mwaka 1968, reli ya TAZARA katika miaka ya 1970, na barabara ikawekwa lami. Mizigo ya Zambia na Kongo bado inapita hapa hadi Tunduma. Mwendesha pikipiki anatumia njia iliyojengwa kwa ajili ya malori, na mpango wake lazima uyape malori nafasi yao.

## Ramani, na watu wanaoijua barabara

Ramani ya simu ni chombo kizuri chenye mapungufu mawili. Kwanza, inahitaji mtandao, na mtandao hukatika hifadhini na kwenye mapori. Dawa yake ni ramani iliyopakuliwa nyumbani kwenye Wi-Fi na kuhifadhiwa ndani ya simu. Programu nyingi za aina hiyo hutumia OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar es Salaam imechorwa vizuri ajabu kwenye ramani hiyo, kwa sababu ya mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walipita uchochoro kwa uchochoro kuchora maeneo yanayofurika. Wilaya za mbali hazina bahati hiyo. Mstari uliochorwa katika pori la Tunduru unaweza kuwa barabara, njia ya ng'ombe, au barabara iliyokufa.

Pungufu la pili ni kwamba simu hukadiria muda kwa gari dogo. Kadirio lake huongezwa angalau robo kwa pikipiki ndogo.

Inasaidia pia kujua mwenye barabara. TANROADS inasimamia barabara kuu na za mikoa. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inasimamia za wilaya, za mijini na vijijini. Barabara kuu ikikatika hushughulikiwa haraka kwa sababu nchi nzima inalia. Ya wilaya inaweza kusubiri msimu upite.

Baada ya ramani wanafuata watu. Madereva na makondakta wa mabasi pale Mbezi Luis na Mbagala Rangi Tatu walikuwa barabarani jana, na hakuna ramani inayowashinda. Lakini swali lazima liwe na meno. "Barabara ni nzuri?" huzaa jibu la adabu: nzuri tu. Swali bora lina saa na mahali ndani yake: "Shikamoo mzee. Jana mmeingia Tunduru saa ngapi? Mmesimama wapi?" Mzee atajibu kwamba wametumia saa mbili zaidi kwa sababu ya mchepuko, yaani njia ya pembeni inayotumika wakati barabara inatengenezwa, na kwamba mchepuko huo una tope. Hapo msafiri amepata kitu cha kuandika.

## Mvua na barabara mbadala

Tanzania haina msimu mmoja wa mvua. Pwani na kaskazini kuna vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Dodoma, Iringa, Mbeya na Songea zina msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Safari inayounganisha pande zote mbili inapata kipindi kikavu kati ya Juni na Septemba, na huo ndio wakati wake. Januari na Februari humdanganya mtu wa pwani: Temeke jua linawaka, kumbe Dodoma mito imejaa.

Mifano miwili inaonyesha kwa nini kila njia inahitaji mbadala. Machi 2020 maji yalikata barabara ya Morogoro na Dodoma eneo la Kiyegeya. Aliyekuwa na mbadala angepita Iringa, kisha kilomita 260 za lami kupitia bwawa la Mtera hadi Dodoma. Ni mbali, lakini ni njia. Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, ikiwemo eneo la Somanga. Huko mbadala wa lami ni kuzunguka Makambako, Songea, Tunduru na Masasi: zaidi ya kilomita 1,500 kufika Mtwara, badala ya 560. Kwa pikipiki hiyo ni safari nyingine kabisa.

Kwa hiyo njia ziko za aina mbili, zenye mbadala wa karibu na zisizo nao. Barabara ya Kilwa ni ya aina ya pili, na wakati wa masika haifai kupangwa na mtu mwenye tarehe ya kurudi kazini. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, husomwa siku 5 kabla na tena usiku wa kuamkia safari. Usomwe wa mikoa ya njiani pia. Mito inayokata barabara hujaa kwa mvua iliyonyesha milimani, mbali na daraja.

## Mahali ambapo pikipiki haipiti

Mtu anayekwenda Musoma kutoka Arusha akiuliza simu, anaweza kuonyeshwa njia fupi inayopita Ngorongoro na Serengeti. Njia hiyo ipo na mabasi huipita. Pikipiki haziruhusiwi kuingia, kwa sababu mwendesha pikipiki hana ukuta kati yake na simba. Njia sahihi ni Babati, Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza, kisha Bunda na Musoma. Tofauti ni siku nzima au zaidi, na kuijua ukiwa getini ni kuchelewa mno.

Kwa msafiri wa Dar es Salaam hasara hiyo inaepukika mapema kwa kutokwenda Arusha kabisa. Akipita Morogoro, Dodoma na Singida yuko kwenye njia ya Mwanza moja kwa moja, na tahadhari yake kubwa ni kona za Sekenke baada ya Singida. Na kama Arusha ni ya lazima, barabara ya Dodoma, Kondoa na Babati, iliyozinduliwa kwa lami mwaka 2018, inafanya iwezekane kwenda kwa Segera na kurudi kwa Dodoma. Njiani kuna Kolo, lango la michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mzunguko, yaani safari isiyorudia barabara, hauongezi siku nyingi na unazidi kwa mbali kurudi ulikotoka.

Njia yoyote inayogusa eneo la kijani kwenye ramani iulizwe kwanza kwa mamlaka ya hifadhi husika.

## Mafuta, fundi na fedha

Kwenye barabara kuu sheli ni nyingi, na hesabu ni rahisi. Pikipiki ndogo yenye tangi la lita 10 na inayokwenda kilomita 40 kwa lita ina uwezo wa kilomita 400, lakini mzigo, upepo na mlima hula sehemu yake. Kanuni salama ni kutumia theluthi mbili za tangi na kujaza. Kwa mfano huu ni kila kilomita 250 hivi. Pale umbali kati ya sheli unapozidi hapo, kama kwenye mapori ya Rungwa kati ya Chunya na Itigi, lita 5 za ziada hubebwa kwenye kidumu cha mafuta chenye mfuniko unaokaza. Petroli ya chupa ya kando ya njia ni ya dharura. Hakuna anayejua imechanganywa na nini.

Bei hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, pamoja na jedwali la bei kikomo kwa kila eneo. Kadiri mahali palivyo mbali na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, ndivyo bei inavyopanda, kwa hiyo bajeti ya safari ya Kigoma haifanywi kwa bei ya Tandika.

Hapa pikipiki ya kawaida ya bodaboda inaishinda pikipiki kubwa ya kigeni. Cheni, plagi, kebo ya klachi na tyubu zake zinapatikana karibu kila mji mdogo, na fundi wake yuko chini ya mwembe. Mwenye pikipiki kubwa hulazimika kupanga njia kwa kufuata miji mikubwa. Hata hivyo tyubu 2 hubebwa, ya mbele na ya nyuma, kwa kuwa vipimo mara nyingi hutofautiana, pamoja na pampu na spana zake.

Nyaraka ni jambo fupi: leseni ya daraja la pikipiki, kadi ya usajili, na bima isiyoisha katikati ya safari. Anayevuka mpaka kama Namanga, Horohoro au Tunduma aongeze pasipoti, kibali cha forodha cha kutoa chombo kwa muda, na Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayotambuliwa nje ya nchi.

## Karatasi ya njia

Yote hayo huishia kwenye karatasi moja, ya kuandikwa kwa mkono na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya tangi. Simu huzimika, karatasi haizimiki. Kwa kila hatua huandikwa:

- miji kwa mpangilio, na kilomita kati ya mmoja na mwingine;
- saa ya kufika kila mji, na saa ya mwisho ambayo baada yake msafiri halali tena alikopanga, analala hapo alipo;
- sheli ya mwisho kabla ya kipande kirefu;
- gesti iliyopigiwa simu mapema, yenye uzio wa kuegesha ndani;
- hospitali ya wilaya iliyo karibu, na namba za dharura: 112 polisi, 114 zimamoto;
- barabara mbadala na mahali pa kuamua kuichukua.

Saa ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko vingine vyote. Mtu aliyechoka hutafuta sababu za kuendelea, na saa iliyoandikwa kabla ya uchovu humwamulia. Nakala ya karatasi inabaki kwa ndugu mmoja, na makubaliano yanakuwa wazi: ujumbe mmoja mchana, mmoja jioni, na kama wa jioni haujafika hadi saa 2 usiku, ndugu anapiga simu gesti kwanza.

## Siku ya kurudi

Hatua ya mwisho hupangwa fupi kuliko zote, kwa sababu mwili umechoka na jiji linadai umakini zaidi ya pori. Kutoka Morogoro ni bora kuliko kutoka Iringa. Siku ya kuingia pia ina uzito: Jumapili jioni na mwisho wa sikukuu magari yote yanarudi pamoja, na mwanzoni mwa Januari barabara ya kaskazini hujaa waliokwenda Kilimanjaro kula Krismasi.

Anayerudi Kinondoni kutoka kaskazini aachane na Chalinze pale Msata na kupita Bagamoyo. Anayerudi Temeke kwa Barabara ya Morogoro aingie Mbezi Mwisho kabla ya saa 9 alasiri, akate kupitia Malamba Mawili, Kinyerezi na Segerea hadi Majumba Sita, na hapo ashike Barabara ya Nyerere. Ikiwa saa 9 imemkuta bado yuko Chalinze, kuna gesti Mlandizi na Kibaha, na saa 12 na nusu asubuhi inayofuata barabara itakuwa wazi kama ni siku ya mapumziko.